Mbwa Hana Kalenda

Hotuba ya afisa mifugo kwa wakazi wa mtaa mmoja jijini Dodoma, wiki mbili kabla ya Krismasi

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wajumbe wa serikali ya mtaa, wazee wetu, mama zetu, vijana, na ninyi watoto mlioketi hapa mbele chini ya mwarobaini, nawasalimu kwa Kigogo, mbukwenyi. Shikamooni wazee. Ninamshukuru Mwenyekiti kwa kunipa nafasi katika mkutano wenye ajenda nzito za maji, taka na ulinzi wa usiku wa Mwaka Mpya. Aliponipigia simu aliniomba nizungumzie afya ya mifugo katika msimu wa sikukuu. Ng'ombe, mbuzi na kuku tumewazungumzia mara nyingi katika mikutano ya namna hii, kwa hiyo nilimwomba, naye akaridhia, nimzungumzie mnyama mmoja ambaye katika miaka yangu yote ya kazi sikumbuki kuitwa mkutanoni kwa ajili yake isipokuwa pale alipokuwa amemuuma mtu. Leo nitamzungumzia mbwa.

Naomba mnivumilie nifanye jambo ambalo si kawaida yangu, yaani kuwapitisha katika siku hizi zinazokuja, kuanzia mkesha wa Krismasi hadi Mwaka Mpya, kwa upande wake yeye, kwa masikio yake, kwa pua yake na kwa mdomo wake. Sisi tunaijua sikukuu kwa sababu tunahesabu tarehe, tunanunua nguo, tunapaka rangi nyumba na kuweka akiba ya mchele. Mbwa hana kalenda. Yeye anaijua siku kwa mambo yanayojirudia: hatua za mama anayeamka kwanza kuwasha jiko, mlio wa geti watoto wanapokwenda shule, kivuli kinapofika ukutani wakati jua linapokuwa kali, na harufu ya dagaa kwenye ugali wake jioni. Mambo hayo yakienda kama yalivyokwenda jana, anajua kwamba dunia iko salama na analala. Sikukuu inakuja kuyabadilisha yote kwa mpigo mmoja: geti linashinda wazi, watoto hawaendi shule, watu asiowajua wanalala chumba cha mbele, chakula kinakuja saa sita au hakiji kabisa, na usiku unalipuka. Sisi tunafurahi kwa kuwa tunajua sababu ya mabadiliko hayo na tunajua kwamba yatapita. Yeye hajaambiwa lolote kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, na yote nitakayoyasema baadaye ni matawi yake: katikati ya sikukuu yetu, tumwachie mbwa siku yake ya kawaida. Hahitaji pilau wala fulana ya rangi nyekundu. Anahitaji maji yake pale pale, chakula chake saa ile ile, mtu wake yule yule, na mahali pa kujificha pasipofikiwa na mtu.

Nianze na masikio, kwa kuwa hapo ndipo sikukuu inapomuumiza kwanza. Sikio la binadamu kijana, tena lenye afya, husikia sauti zinazotetemeka hadi kiasi cha mara 20,000 kwa sekunde, na uwezo huo hupungua kadiri tunavyozeeka. Sikio la mbwa huvuka 40,000. Maana yake ni kwamba katika mlio mmoja wa fataki mna sauti ambazo sisi hatuzisikii hata kidogo, na zile tunazozisikia zinamfikia zikiwa kali zaidi. Isitoshe, sisi tunamwona kijana anayewasha kiberiti, kwa hiyo mwili wetu unajiandaa. Mbwa aliye nyuma ya nyumba haoni kiberiti chochote. Kwake ni mshindo unaotoka kila upande, usio na harufu ya adui anayeweza kumfukuza, na ambao kubweka hakuuzuii.

Niwaeleze yaliyonipata mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na dume mmoja mwekundu, jina lake Simba, mbwa mtulivu aliyezoea kuongozana nami hadi machungani. Usiku wa kuamkia Mwaka Mpya tulikwenda kanisani kukesha, mimi na familia yote. Nilimfunga mnyororo kwenye nguzo ya banda la kuku, kama nilivyofanya kila usiku ambao mtaa ulikuwa na watu wengi, nikaondoka nikiamini nimemweka salama. Ilipofika saa sita fataki zilianza kulia upande wa mjini, sufuria zikapigwa, magari yakapiga honi, nasi kule kanisani tukapiga vigelegele. Tuliporudi yapata saa nane nilimulika tochi, nikaukuta mnyororo umelala chini, na kwenye ncha yake mkanda wa shingo uliokatika ukiwa umenasa manyoya mekundu. Chini ya nguzo kulikuwa na shimo la kina cha kiganja changu, alilolikwangua kwenye udongo ule mgumu ambao hata jembe hulia, na kwenye kingo zake kulikuwa na damu ya kucha. Alikuwa anajaribu kuingia ardhini.

Tulimpata siku ya tatu, upande wa Ihumwa, amelala ndani ya kalavati. Aliponiona alifyata mkia, hakuinuka, na ilinibidi niketi chini kando yake kwa muda mrefu kabla hajaniwekea kichwa gotini. Nilikuwa tayari afisa mifugo wakati huo, mwenye cheti na miaka ya kazi, nimewafundisha wengine namna ya kutunza wanyama. Sikuwa nimewahi hata mara moja kuufikiria usiku ule kwa upande wa yule niliyemfunga.

Tangu hapo ninawaambia watu hivi. Tarehe 31 Desemba, alasiri jua linapopoa, mtembeze mbwa wako hadi achoke, kisha mlishe mapema kuliko kawaida kidogo, ajisaidie kabla giza halijaingia. Saa mbili usiku awe amekwisha kuingizwa ndani ya chumba, iwe ni stoo, jiko la nje, bafu au hata ushoroba, ilimradi pawe na mlango unaofungwa na dirisha lililofunikwa kwa pazia zito au gunia. Mwekee maji, na mwekee nguo yako chakavu uliyoivaa, isiyofuliwa, kwa sababu harufu yako ndiyo inayomwambia kwamba hajatupwa. Redio iwashwe kwa sauti ya wastani ili ifunike kishindo cha nje. Akichagua kuingia uvunguni, mwache huko huko, msimvute. Mnyororo uondoke kabisa usiku huo, maana mbwa mwenye hofu aliyefungwa huweza kujinyonga akiruka ukuta, nami nimeshuhudia hayo zaidi ya mara moja. Na kama familia yote inakwenda kukesha, abaki walau mtu mmoja aliyemzoea.

Wapo wanaosema kwamba ukimbembeleza mbwa anayetetemeka unamfundisha uoga. Sikubaliani nao. Hofu si tabia anayoichagua ili apate kubembelezwa. Akikusogelea, mkalishe karibu, weka mkono ubavuni mwake, ongea naye kwa sauti ya siku zote. Ila nawasihi sana wale wanaowapa mbwa pombe ili walale, au kuwasagia vidonge vya usingizi vya binadamu: acheni. Pombe kidogo tu inaweza kumshusha joto la mwili na kumzuia kupumua. Dawa halali za kutuliza hofu zipo, lakini lazima daktari wa mifugo ampime mbwa huyo kwanza, ajue uzito wake na hali ya moyo wake, na hilo ni jambo la kufanya wiki hii, si saa nne usiku wa mkesha.

Nihamie kwenye mdomo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi wa Dodoma tuna jambo letu la pekee. Tunalima zabibu. Tunazivuna mara mbili kwa mwaka, na katika maeneo ya Hombolo, Mpunguzi na Mvumi kuna familia ambazo ada za watoto wao zinatoka kwenye mizabibu. Ninajivunia jambo hilo kama mnavyojivunia ninyi. Lakini tunda hili ambalo kwetu ni chakula na kipato, kwa mbwa ni sumu ya figo. Ninajua wengi mtashangaa, na mzee mmoja wa shambani aliwahi kuniambia kwamba mbwa wake hula zabibu zilizoanguka chini ya mizabibu kila msimu na hajawahi kuugua. Anasema kweli. Ugumu wa sumu hii ndio huo, kwamba mbwa mmoja atakula nyingi asidhurike, na mwingine wa umbo lile lile atakula chache na kufa, wala hatuna njia ya kujua mapema ni yupi. Anayedhurika hutapika ndani ya siku ya kwanza, hukataa chakula, hulegea, kisha siku ya pili au ya tatu mkojo wake hupungua hata ukakatika. Mkojo ukikatika, figo zimekwisha kufa, na mimi nikiitwa wakati huo ninakuja kumsindikiza tu.

Kwa miaka mingi hata mabingwa hawakujua ni kitu gani ndani ya zabibu kinacholeta madhara hayo. Mwaka 2021 wataalamu wa sumu za wanyama nchini Marekani walieleza kwamba mshukiwa mkuu ni asidi ya tatariki, ile inayoipa zabibu uchachu wake. Asidi hiyo hiyo imo kwa wingi katika ukwaju, na wataalamu hao wameripoti mbwa walioharibika figo baada ya kula ukwaju. Basi fikirini jikoni kwetu siku ya Krismasi: zabibu mbichi mezani kwa ajili ya wageni, zabibu kavu kwenye pilau na kwenye keki, jagi la juisi ya ukwaju, na makapi yake yakimwagwa nyuma ya nyumba pale pale anapolala mbwa. Zabibu kavu ni hatari zaidi kwa uzito, kwa kuwa maji yametoka na sumu imebaki. Wale wanaokamua mvinyo nyumbani wasimwage makapi mahali pa wazi. Wayafukie au wayafunike. Na mbwa akila zabibu, usingoje kuona kama ataugua. Piga simu kwa mtaalamu mara hiyo hiyo, kwa sababu katika saa mbili za mwanzo tunaweza kumtapisha na mambo yakaisha vizuri. Usimnyweshe chumvi wala mafuta ya kula ili atapike, maana chumvi nyingi nayo humuua.

Jirani wa zabibu katika hatari hii ni kitunguu. Vile vitunguu vizuri vya Singida tunavyovisifu, viwe vibichi kwenye kachumbari au vimeungwa kwenye mchuzi, huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kitunguu saumu hufanya hivyo hivyo. Dalili hazionekani siku hiyo. Huja baada ya siku kadhaa, fizi zikawa nyeupe na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi, wakati ambapo hakuna anayekumbuka tena kwamba Krismasi alimwagiwa ukoko wa pilau. Chokoleti ni sumu ya moyo na mishipa ya fahamu, hasa ile nyeusi. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha kama vibanzi, na mbavu za mbuzi zilizochomwa hazina tofauti. Vibanzi hivyo hukwama kooni au hutoboa utumbo.

Mtu ataniuliza, je, siku ya sikukuu mbwa asionje nyama? Aonje. Mama anapochemsha nyama, kabla vitunguu, chumvi na viungo havijaingia sufuriani, aopoe vipande viwili vitatu visivyo na mfupa, avipoze, aviweke juu ya ugali wake wa dona wa kila siku. Mbwa atafurahi sana, na tumbo lake litabaki kuwa tumbo la kawaida.

Sasa niseme jambo la machinjo ya nyumbani, ambalo linamhusu mbwa na linatuhusu sisi moja kwa moja. Siku za Krismasi, Mwaka Mpya na Idd kunachinjwa mbuzi na kondoo wengi majumbani kuliko wakati wowote mwingine, bila mkaguzi wa nyama. Mchinjaji anapopasua, wakati mwingine huona kwenye ini au mapafu malengelenge yenye maji safi, mengine madogo kama punje ya mahindi, mengine makubwa kama yai. Anakunja uso, anakata kipande hicho, anamtupia mbwa anayengoja pembeni, na kila mtu anaona ni jambo la busara. Malengelenge hayo ni watoto wa mnyoo tegu mdogo sana. Ndani ya utumbo wa mbwa wanakua na kuanza kutoa mayai, ambayo yeye huyatoa na kinyesi chake. Mayai hayo hushika kwenye manyoya, kwenye udongo, kwenye mchicha wa bustanini, na mtoto anayemkumbatia mbwa kisha akala embe bila kunawa huyameza. Miaka ikipita, huota lengelenge lile lile kwenye ini au mapafu ya mtoto, nalo mara nyingi huondolewa kwa upasuaji mgumu. Mbwa mwenyewe mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Yupo na mnyoo mwingine, ndugu wa huyo, ambaye malengelenge yake huota kwenye ubongo: mbuzi au kondoo anayezunguka zunguka mahali pamoja, akichinjwa na kichwa chake kibichi akapewa mbwa, ugonjwa huo unarudi zizini kupitia kwa mbwa huyo. Kwa hiyo kiungo chochote chenye malengelenge kichomwe moto au kifukiwe kina kirefu ambacho mbwa hawezi kukifukua, na utumbo, mapafu au vichwa mnavyotaka kumpa vichemshwe vya kutosha kwanza.

Nije kwa wageni. Waswahili tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, na kwetu ni kweli. Lakini mtazameni mbwa. Mwaka mzima tumemsifu kila alipomfukuza mtu asiyemjua getini. Leo watu 20 asiowajua wanaingia, wanakumbatiwa na bwana wake, wanakalia viti, watoto wao wanamkimbilia na kumshika mkia wakati anakula, naye anatakiwa ajue mwenyewe kwamba leo kazi yake imesimama. Mbwa hujieleza kabla ya kuuma, ila hatumsomi. Anayepiga miayo wakati hana usingizi, anayejilamba pua wakati hana chakula, anayegeuza uso pembeni huku weupe wa jicho ukionekana, aliyekaza mwili na kulaza masikio nyuma, huyo anaomba nafasi. Tukimpiga kwa sababu amenguruma, tunamfundisha asingurume tena, na mara nyingine atauma bila kutoa taarifa.

Ninyi watoto, nisikilizeni vizuri. Mbwa anayekula haguswi. Mbwa aliyelala harukwi wala haamshwi kwa mguu. Mbwa wa nyumba uliyokwenda kutembelea humgusi mpaka mwenye nyumba awepo na akuambie, na wala humpelekei uso wako kumbusu. Mbwa akikujia mbio, usikimbie. Simama kama mti, mikono chini, tazama miguu yako, ataondoka.

Ninyi wazazi, kabla wageni hawajafika, mbwa awe nyuma ya nyumba au ndani ya chumba chenye kivuli, na si mtoto atakayeshika ufunguo. Tukumbuke pia kwamba tunaishi na majirani ambao kwa imani yao hawapendi mate ya mbwa yawaguse nguo wanazoswalia. Wanapopita asubuhi ya Idd kwenda kuswali, au wanapokuja kututakia heri ya Krismasi, geti liwe limefungwa na mbwa awe ndani. Ni heshima kwao, na humwokoa mbwa na mawe ya vijana wanaomwogopa.

Kuhusu kichaa cha mbwa nitasema machache kwa sababu nimeyasema hapa kila mwaka, hasa inapofika Septemba 28, siku ya dunia ya ugonjwa huo. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa hicho duniani waliambukizwa na mbwa, dalili zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea, na chanjo ya mbwa ndiyo kinga ya kwanza. Sikukuu huwafungulia mbwa mageti, wakakutana na wasiochanjwa. Mtu akiumwa, hata mkwaruzo tu, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa aliyeuma msimuue, mfungieni na mniite, kwa kuwa tukimchunguza kwa siku 10 naye akabaki mzima, tunajua kwamba siku ile alipouma mate yake hayakuwa na ugonjwa huo.

Limebaki moja, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Jiji letu ni la watu waliokuja kikazi. Tangu Serikali ilipohamia hapa, Desemba ikifika nusu ya nyumba katika baadhi ya mitaa hufungwa, watu wanakwenda Kilimanjaro, Mbeya, Kagera, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme imeifanya safari ya Dar es Salaam iwe nyepesi zaidi. Ni haki yao kwenda kuwaona wazazi. Mbwa anabaki. Anaachiwa mlinzi, na mlinzi anaachiwa fedha ya unga na dagaa, na hakuna anayeuliza kama mlinzi naye ana wazazi.

Tarehe 27 Desemba ya mwaka mmoja, majirani wa nyumba moja walinipigia simu wakisema kuna mbwa alibweka siku mbili, na sasa amenyamaza. Tulipofungua geti pamoja na mjumbe tulimkuta jike mmoja mweusi chini ya mpapai. Alikuwa amefungwa mnyororo wa mita tatu hivi, lakini kwa kukifuata kivuli kinavyozunguka mti alikuwa ameuzungusha mnyororo huo kwenye shina mpaka zikabaki shibiri mbili. Kichwa chake hakikuweza kufika chini. Sufuria ya maji ilikuwa pale, tena ilikuwa na maji, umbali wa mkono mmoja kutoka puani mwake. Ulimi ulikuwa mkavu kama ngozi ya kiatu. Nilimlowesha mdomo kwa vidole kwa muda mrefu kabla hajaweza kumeza. Alipona, namshukuru Mungu. Mwenye nyumba aliporudi alilia mbele yangu, na ninaamini machozi yake, kwa sababu aliondoka akiwa ameacha fedha, ameacha unga, na ameacha sufuria imejaa.

Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kutweta, na kutweta kunatumia maji. Mbwa wa kilo 20 anahitaji lita moja kwa siku wakati wa baridi, na kwa jua letu hili mwekeeni lita mbili, kwenye chombo kizito asichoweza kukipindua, beseni la udongo au nusu ya tairi la gari, viwili tofauti, vyote kivulini. Kama mnasafiri, mbwa asiachwe kwenye mnyororo hata kidogo. Aachwe huru ndani ya uzio au ndani ya banda lenye paa na nafasi ya kuzunguka. Atafutwe mtu aliyemzoea, aanze kumlisha wiki nzima kabla hamjaondoka, ili mkono ule usiwe mgeni. Awepo na mtu wa pili, jirani, mwenye ufunguo na namba yenu ya simu, na kila jioni yule anayemlisha awatumie picha ya mbwa akiwa anakunywa maji. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, nayo inamtaka mwenye mnyama amtunze hata anapokuwa mbali. Sipendi kumtishia mtu kwa sheria, lakini ni vyema ijulikane kwamba ipo.

Wachache wenye kusafiri na mbwa kwa gari dogo, simameni kila baada ya saa mbili anywe maji, na msimwache ndani ya gari lililofungwa vioo juani, hata kwa muda wa kununua karanga tu. Joto la ndani hupanda kwa nyuzi 10 ndani ya dakika 10.

Ndugu Mwenyekiti, chanjo imekwisha kufika. Jumamosi hii nitakuwa hapa hapa chini ya mwarobaini kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi hadi saa nne, jua lisije likawachosha wanyama njiani. Mje na mbwa na paka wote, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja ashikwe na mtu mzima anayemfahamu, kwa kamba laini shingoni, na wakae mbalimbali wasigombane. Nitakuwa pia na dawa ya minyoo, na nitaandika namba ya simu ya mwenye mbwa ndani ya mkanda wa shingo kwa kalamu isiyofutika, ili akipotea usiku ule tujue pa kumrudisha. Mwenye mbwa asiyeshikika, au mzee asiye na mtu wa kumletea, aniachie jina leo kabla hatujatawanyika, nami nitamfuata nyumbani Jumapili alasiri.